Bao la Dakika ya Sabini na Moja

Fereej Bin Mahmoud,
Doha, Qatar.
Jumapili, tarehe 3 Mei 2026.

Mpendwa ndugu yangu Kiptoo,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na wifi yangu Valerie na mwanetu Nick. Natumai barua hii itawakuta mkiwa na afya. Goti lako linaendeleaje? Je, Nick amepona kile kikohozi, au bado kinamwamsha? Niambie pia kama Valerie alipata ile likizo aliyokuwa akiiomba, kwa maana mara ya mwisho nilipomsikia, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Mimi mwili ni mzima. Joto limeanza, na kiyoyozi chetu kinanguruma bila kupoza kitu. Chakula hakinishuki vizuri. Nikisikia lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu, naacha ninachofanya na kusikiliza. Akinyi, ambaye bado tunakaa naye chumba kimoja, amekwisha kuzoea. Huenda mlangoni yeye, akachungulia, kisha akaniambia, "Ni jirani." Ndivyo tunavyoishi wiki hii.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwangu, mimi niliyekuwa nikikutumia ujumbe wa sauti hata nikiwa napika. Simu yangu iko kwa polisi. Usishtuke, sikukamatwa. Ningeweza kuazima ya Akinyi, lakini nataka maneno haya yawe kwenye karatasi na chini yake sahihi yangu, kwa sababu huenda ukahitaji kuwaonyesha watu. Anayekuletea ni Jennifer, yule nesi wa Kericho anayehamia huko kikazi. Amebeba pia tende za Valerie na viatu vya Nick. Kama viatu ni vidogo, mpe mtoto mwingine.

Mama hajambo. Uliniuliza kwa nini amekaa Eldoret kwa Shangazi Rael muda wote huu, nikakujibu kwamba ni mambo ya macho. Macho yake hayana neno. Nilimtoa nyumbani Moiben kwa sababu niliogopa angedhuriwa, na sababu ya kuogopa nitakueleza sasa, yote, bila kuficha hata lile ninaloona haya kuliandika.

Unakumbuka Aprili ya mwaka jana, timu yenu ya Aldersby ilipopanda hadi daraja la tano. Mimi nilikuwa kama nimepanda nayo. Picha yako ukiwa umebebwa mabegani niliituma kwa kila mtu ninayemjua hapa Doha. Ijumaa ile, ambayo huku ndiyo siku yetu ya kanisa, baada ya ibada niliwanunulia watu soda na kuwaonyesha video. Wengi hawakujua hata kama Uingereza kuna daraja la tano. Waliniuliza kama unacheza na zile timu kubwa za kwenye televisheni, nikawaeleza kwamba hapana, huko ni chini, kwenye viwanja vidogo vya watu elfu mbili, lakini ni mpira wa kweli, na kila msimu timu nne za mwisho hushushwa daraja. Niliongea sana siku ile, Kiptoo. Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa Nahashon.

Humjui Nahashon. Ni mtu wa Nakuru, dereva wa gari la watu binafsi, na anaimba kwaya nasi. Alikuwa akitupeleka nyumbani wanawake tusio na usafiri baada ya ibada, na Akinyi alipougua tumbo mwaka juzi, ndiye aliyemkimbiza hospitalini. Tulimwamini kama unavyomwamini mtu aliyekutendea wema bila kumwomba.

Msimu huu ulipoanza vizuri, alifurahi nami. Mlipoanza kupoteza mechi mwezi wa Januari, moja baada ya nyingine, alinipa pole. Kila Ijumaa alikuwa na swali. Goti la Kiptoo limepona? Yule beki mrefu atarudi lini? Kocha anaongeaje? Nilimjibu yote. Habari ya goti lako nilimwambia kabla hata klabu haijaitangaza. Nilidhani ni shabiki, na nilijisikia vizuri kuwa na mtu mmoja katika mji huu anayejua msimamo wa ligi yenu kama ninavyoujua mimi.

Ijumaa ya tarehe 10 Aprili, wiki moja baada ya Ijumaa Kuu, aliwashusha wenzangu wote kwanza, tukabaki wawili. Badala ya kuelekea kwangu alisimamisha gari kando ya duka la magurudumu pale Abu Hamour, akaacha injini ikinguruma ili tusipate joto.

"Fiona, kuna watu wanampenda sana ndugu yako," akasema.

Nikamuuliza ni watu gani.

"Watu wa kuweka dau. Si wa hapa. Mimi ni mjumbe tu." Alikuwa akitazama mbele, mikono kwenye usukani. "Mechi ya mwisho, wanataka Aldersby wafungwe matatu au zaidi. Si lazima afanye kitu cha ajabu. Kipa anateleza, anachelewa kuruka. Nani atauliza? Timu inashuka hata hivyo."

"Kiptoo hawezi kufanya hivyo."

"Hujamuuliza."

Kisha akanipa simu yake nitazame. Ilikuwa picha ya lango letu, Kiptoo, lile la mabati ya buluu, na nyuma yake Mama akienda zizini na ndoo, amejifunga ile shuka yake ya asubuhi. Ilipigwa kutoka barabarani, karibu sana. Mama hakujua kwamba anapigwa picha. Nilimuuliza Nahashon nani ameipiga. Akasema hajui, naye ametumiwa tu.

"Mwambie ndugu yako. Usitumie simu ya kawaida, tafuta njia. Akikubali watamtunza vizuri. Akikataa, mimi sitaweza kuwazuia. Nakuambia kama dada yangu."

Aliyasema kwa sauti ileile anayotumia kuniuliza kama nimekunywa chai. Akanifikisha mlangoni na kungoja hadi nilipoingia ndani, kama alivyofanya siku zote.

Sikumwambia Akinyi. Sikumwambia mtu yeyote. Nilimpigia Shangazi Rael, nikabuni kwamba Mama amelalamikia macho na daktari mmoja mzuri yuko Eldoret wiki hiyo tu. Mama alikataa. Ng'ombe watakamuliwa na nani? Kuku je? Nilimwomba hadi nikalia, akafikiri nalia kwa kumkosa, ndipo akakubali. Aliondoka Jumatatu. Sikupata usingizi mpaka Shangazi aliponitumia picha yake akiwa amekaa sebuleni kwake, kikombe mkononi, amenuna.

Utaniuliza kwa nini wewe sikukuambia. Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi. Krismasi uliniambia kwamba klabu iliwaweka darasani, mkafundishwa kuwa mchezaji akifuatwa na watu wa aina hii lazima aripoti mara moja, na akinyamaza anafungiwa. Basi nikafikiri, nisipomwambia, atakuwa hajafuatwa. Nilifikiri pia kwamba ukiripoti, watakutoa golini kwa mechi hiyo, nawe ulikuwa umeniambia kuwa kocha anazitumia mechi za mwisho kuamua nani abaki. Sababu hizo ni za kweli, lakini kubwa kuliko zote ni kwamba niliogopa kulisema jambo lile kwa mdomo wangu. Ulipokuwa ukinipigia nami sipokei, nilikuwa nimekaa kitandani nikiitazama simu ikiita hadi inanyamaza.

Jumatano iliyofuata, tarehe 15, nilifika kazini na kufungua orodha ya wagonjwa wa siku. Saa nne na nusu palikuwa na jina la Nahashon, kusafisha meno. Nilimwomba mwenzangu tubadilishane chumba, lakini hakuwa na nafasi.

Aliingia amevaa shati jeupe, akamsalimu daktari wetu, mama mmoja wa Kimisri, kwa heshima, akalala kwenye kiti. Mimi kazi yangu unaijua. Nasimama upande wa pili na kushika mrija wa kunyonya mate. Kwa dakika ishirini nilimsimamia yule mtu kichwani, kinywa chake wazi, hawezi kusema, akinitazama tu. Mara mrija ukamgonga fizi na damu ikatoka. Daktari akanitazama kwa mshangao. Nahashon hakulalamika.

Daktari alipogeuka kuandika, yeye akainuka kusukutua. Akatema maji, akapangusa midomo, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayeuliza saa:

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Anasemaje?"

Hapa ndipo nilipotenda kosa. Ningeweza kusema bado anafikiri. Ningeweza kusema amekataa. Lakini nililiona lango letu la buluu, nikaiona ile ndoo.

"Amesema sawa."

Daktari akauliza mgonjwa anasema nini. Nikamjibu kwamba anasema ameumia kidogo. Nahashon akamshukuru, akatoka. Mimi nikaenda chooni na kukaa huko mpaka waliponigongea.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nilitumia jina lako. Nilikufanya mtu aliyekubali jambo ambalo hukulijua wala kuliota. Tangu siku ile hofu yangu iligeuka. Kwanza nilikuwa namwogopea Mama. Sasa nilikuogopea na wewe, kwa sababu ya maneno mawili niliyoyasema mimi.

Ile Jumamosi ya tarehe 25 nilitoka kazini saa tisa. Mechi ilianza saa kumi na moja kwa saa za hapa, nasi tuliitazama kwenye simu ya Akinyi, ambayo ni kubwa kuliko yangu. Akinyi alikuwa amepika wali wa nazi. Hakujua kitu. Alidhani wasiwasi wangu ni wa timu, naye alikuwa ananieleza sheria nisizohitaji kuelezwa, kwamba mkitoka sare mtapona, mkifungwa mnashuka.

Mlipofunga lile la kona nilisimama na kukaa tena. Walipokomboa kabla ya mapumziko, nilianza kuhesabu. Moja. Sikuwa nahesabu kama watu wengine wanavyohesabu mabao. Yakifika matatu, Mama atakuwa salama na wewe utakuwa umeharibika. Yasipofika, utakuwa umepona wewe. Sikujua niombe nini, nikaacha kuomba, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Kisha ikaja dakika ya sabini na moja. Mchezaji wao mmoja alipiga kutoka mbali, mpira mwepesi wa chini, mpira ambao umedaka maelfu yake tangu ukiwa na miaka kumi. Nikauona ukipita chini ya mikono yako. Ukabaki umepiga magoti, ukiangalia nyasi.

Akinyi akasema, "Pole, Fiona. Hata wakubwa hukosea."

Lakini mimi sikumsikia yeye. Masikioni mwangu niliisikia sauti ya Nahashon ndani ya gari. Kipa anateleza. Nani atauliza? Nikawaza kwamba walikufuata kwa njia nyingine bila kupitia kwangu, na kwamba umekubali. Nisamehe. Nimekubeba mgongoni, nimekufundisha kufunga kamba za viatu, na katika dakika ile nilikuona mwizi.

Nakuandikia na lingine, kwa sababu nimeahidi kutoficha. Walipopewa penalti mwishoni, kwa muda wa pumzi moja nilitamani mpira ule uingie. Nilitamani yafike matatu, watu wale waridhike, Mama arudi kwa ng'ombe wake, na mimi nisisikie tena hatua za mtu nyuma yangu. Uliruka upande wa kushoto, mpira ukagonga nguzo na kutoka. Mashabiki wenu wakapiga kelele. Mimi sikushangilia. Refa akapuliza kipenga, mawili kwa moja, mmeshuka daraja.

Ulinipigia baada ya nusu saa. Nakumbuka kila neno.

"Dada, nimewaangusha watu."

Nikatoka koridoni, Akinyi asinisikie.

"Ule wa penalti niliugusa. Kwa ncha ya kidole, ndiyo maana ukaenda kwenye nguzo. Hakuna aliyeona. Hata Valerie hakuona, lakini niliugusa, naapa."

Nikakuambia, "Pumzika, ndugu yangu."

"Mbona huniambii kitu?"

Nikakuambia mtandao ni mbaya. Haukuwa mbaya. Nilikusikia ukipumua. Nilidhani unanidanganya kuhusu kidole, unajitengenezea ushahidi. Ulikata simu ukiamini kwamba nina huzuni pamoja nawe. Nilikuwa nakushuku, na ulikuwa unalia.

Kesho yake, Jumapili, ni siku ya kazi hapa. Saa tano asubuhi ukaingia ujumbe wa sauti wa Nahashon. Nilikwenda kuusikiliza kwenye ngazi za nyuma. Nimeurudia mara nyingi hata nimeukariri:

"Ndugu yako ametuchezea. Uliniambia amekubali. Mawili tu, halafu ile penalti. Watu wameirudia picha polepole, wameona kidole chake kikiugusa mpira. Kwa nini aguse? Si angebaki amesimama tu? Sasa mimi ndiye naulizwa, na mimi nitakuuliza wewe. Nakuja hapo kazini. Usiondoke kabla sijafika."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilijua anakuja, na kwamba picha ya lango letu bado iko kwa watu nisiowajua. Na bado, Kiptoo, nilikuwa nalia kwa furaha. Kidole chako kiliugusa ule mpira. Ulisema kweli. Mtu pekee aliyelithibitisha ni yule aliyekuwa akinitisha, naye alilisema kwa hasira, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kudanganya.

Pale kwenye ngazi akanikuta Harun, mlinzi wa jengo letu, mtu wa Kisauni. Ni mtu wa makamo, hana maneno mengi. Akauliza, "Dadangu Fiona, una nini? Mbona umesawijika hivyo?"

Nikamweleza. Ndiye mtu wa kwanza kumweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba simu, akausikiliza ule ujumbe mwenyewe, akanirudishia.

"Huyu yuaja hapa?"

"Amesema anakuja."

"Basi asikukute. Zamu yangu yaisha saa nane. Twende polisi."

"Harun, nilimwambia kwamba ndugu yangu amekubali. Wataona na mimi nimo. Watanifunga."

"Ukingoja waje wakutafute wao, hapo ndipo utaonekana umo. Nenda mwenyewe."

"Na kazi yangu?"

"Ya kazi sijui, dadangu. Siwezi kukudanganya."

Tulitokea mlango wa nyuma saa nane na dakika tano. Baadaye mlinzi mwenzake alimwambia Harun kwamba Nahashon alifika saa tisa, akakaa ndani ya gari mbele ya jengo dakika arobaini, akaondoka.

Kituoni walinipokea kwa adabu. Afisa alikuwa kijana anayezungumza Kiingereza kizuri, na alikuwepo mkalimani wa kumwandikia kwa Kiarabu. Aliniuliza kila kitu mara tatu. Ndugu yako alijua? Hapana. Uliwahi kumwambia neno lolote? Hapana. Basi kwa nini ulisema amekubali?

Nikamjibu kwamba nilitaka mechi ifike na ipite ndugu yangu akiwa hajui lolote, na mama yangu akiwa hai. Akasema kitu kwa mkalimani, wakaandika. Sijui waliandika nini. Nilitia sahihi mahali waliponionyesha. Nilitia sahihi huku nikiogopa kwamba ni kifungo changu mwenyewe ninachokisaini.

Simu yangu walibaki nayo, na namba ya bataka yangu, yaani kitambulisho cha huku, wakainakili. Nilipotoka giza lilikuwa linaingia. Harun alikuwa bado kwenye benchi nje. Alikuwa amekwenda kuswali na kurudi, na aliniwekea mkate na maji. Nilikula njiani.

Siku ya Jumatano waliniita tena kunionyesha picha, niseme kama ndiye. Ndiye. Wakaniambia anashikiliwa. Akinyi naye amesikia hivyo kanisani, ambako watu sasa wamegawanyika. Wengine wanasema nimemchoma mtu wetu, aliyewasaidia wengi. Wanaosema hivyo ni watu waliokunywa soda zangu mwaka jana.

Wale waliomtuma hawajajulikana, wala aliyepiga picha Moiben. Nimeambiwa nisisafiri hadi jambo hili liishe, kwa hiyo ile likizo yangu ya Julai usiitegemee. Meneja wa kliniki ameniambia nikae nyumbani kwanza. Hakusema nimefukuzwa, wala hakusema nirudi lini. Usiku nikilala nawaza kwamba labda Nahashon alirekodi sauti yangu pale kwenye kiti, na kwamba rekodi hiyo iko mahali, mimi nikisema umekubali.

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, na sasa nakuomba jambo. Usiisome na kuiweka kabatini. Siku hiyohiyo utakayoipata, mpelekee mtu anayeshughulikia mambo haya hapo klabuni, au chama cha soka, popote walipowafundisha kwenye lile darasa. Mwombe Valerie awatafsirie neno kwa neno, maana Kiswahili chake sasa kimekuwa kizuri, au watafute mtu wao. Waambie umepata habari leo, kwa mara ya kwanza, kutoka kwangu. Ukichelewa hata siku moja kwa kunionea huruma, utajiharibia. Usinionee huruma katika hili.

Mama anataka kurudi Moiben. Mkataze. Shangazi Rael sasa anajua ukweli, na amezungumza na chifu, lakini Mama mwenyewe hajaambiwa. Nadhani tumwambie wewe na mimi pamoja, siku utakayopata nafasi ya kunipigia kwa simu ya Akinyi. Sijui nitaanzaje.

Kuhusu kushuka daraja, sijakupa pole yangu, na ulikuwa unaingojea. Pole sana, ndugu yangu. Uliniambia klabu itapunguza watu, na wengine mtacheza huku mkifanya kazi nyingine mchana. Kama utakuwa mmoja wao, hakuna aibu. Na kama hawatakubakiza, pia hakuna aibu.

Nimelitazama tena lile bao la dakika ya sabini na moja kwenye simu ya Akinyi. Nimelitazama nikiwa sina hofu na wewe. Mpira ulidunda mbele yako pale nyasi zilipong'oka, ukabadilika njia kwa kiasi cha kiganja. Mikono yako ilikuwa mahali pake. Inaonekana wazi kabisa, mtu yeyote anaweza kuiona. Siku ile sikuiona.

Nakuomba radhi kwa kukushuku. Nakuomba radhi kwa kukunyamazia ulipokuwa unalia, na kwa kusema jina lako mbele ya mtu yule. Sitarajii unijibu haraka. Kasirika kwanza kama unataka kukasirika, una haki.

Nisalimie Valerie sana, umwambie asimfiche Nick kwa ajili ya habari hizi, amwache aende shule na kucheza kama kawaida. Msalimie na mama mkwe wako. Akinyi anakusalimu, anasema mpishi wa wali ule alikuwa yeye na haukuliwa hata kijiko. Harun pia anakusalimu ingawa hamjuani. Aliniuliza jina lako ili akutaje katika dua zake, nikampa.

Mungu akulinde uendako na urudiko, awalinde walio nyumbani mwako, na amlinde mama yetu.

Watakapoisoma barua hii huko, huenda wakakuuliza kwa nini dada yako alisema umekubali. Usinitafutie sababu nzuri. Waambie aliogopa.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Fiona Jerotich.